Ukurasa wa Pili wa Ripoti ya Kyabagenzi

Saa mbili na robo asubuhi Mwalimu Josia Kaijage aliweka saa yake ya mfukoni juu ya meza, akagawa karatasi kumi na kusema, "Dakika tatu. Someni kimya. Atakayemaliza ainue penseli, aniambie ni mstari upi ambao ukipotea mtu atakufa."

Ilikuwa ripoti ya ukaguzi wa tangi la maji, ukurasa mmoja wenye mistari ishirini na minne. Tangi lenyewe halikuwapo popote, alilitunga yeye. Nakala zote kumi alizinakili kwa mkono, kwa sababu ofisi ya barabara ilikuwa imekataa kumpa karatasi za stensili, na chupa ya wino, ambayo mwaka 1951 ilinunuliwa kwa senti sitini, sasa ilikuwa imefika shilingi moja na senti kumi. Aliandika herufi ndogo ili wino utoshe.

Wanafunzi waliinama. Darasa lilikuwa banda la bati huko Kahororo, na jua lilikwisha kuanza kulipasha. Katika makaratasi ya serikali vijana hawa waliitwa wanafunzi wa ukaguzi wa kazi za ujenzi. Watu wa mjini Bukoba waliwaita mainjinia wadogo, wengine kwa fahari, wengine kwa kejeli. Walifundishwa hesabu za mizigo, uchoraji wa ramani, upimaji wa miinuko na uchanganyaji wa zege. Mwishoni kabisa mwa ratiba, chini ya kipindi cha usafi wa vyombo, palikuwa na somo la Kaijage: Kusoma na Kuandika, Daraja la Juu, vipindi viwili kwa wiki.

Karatasi zilikuwa kumi, lakini madawati yalikuwa kumi na moja. Dawati la dirishani, la Philbert Mutembei, lilikuwa tupu kwa siku ya tisa.

Rutashobya aliinua penseli kabla ya wenzake. "Mstari wa kumi na saba, Mwalimu. Ufa katika nguzo ya tatu."

"Kwa nini hukuuona mapema?"

"Kwa sababu mwandishi alikuwa bado anamshukuru Bwana Mkubwa kwa kumwazima baiskeli."

Darasa lilicheka. Kaijage hakucheka, ila hakuwakemea.

"Ufa huo ulistahili kukaa mstari wa ngapi?"

Walitazamana, kisha Rutashobya akasimama, safari hii bila mzaha. "Naomba ruhusa, Mwalimu. Muhula uliopita ulitufundisha kwamba salamu hutangulia, kisha shukrani, kisha mema ya kazi, kisha kasoro. Tuliandika hivyo katika madaftari yetu."

"Niliwafundisha hivyo," alisema Kaijage. "Nilikosea. Kateni kurasa zile."

Vijana waliyashusha macho yao mezani. Hawakuwa wamezoea kumsikia mwalimu akisema neno hilo, na yeye hakuwa amezoea kulisema. Alisoma katika bweni la misheni kwa miaka minane. Huko alijifunza kutandika kitanda bila kunyanzi, kusema kweli, na kumwomba radhi mkubwa kabla ya kumweleza jambo. Haikupata kumpitikia akilini kwamba mafunzo hayo mawili ya mwisho yangeweza kugombana.

Tarishi wa ofisi ya barabara alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake. "Mwalimu, unaitwa ofisini. Sasa hivi."

*

Njiani kuelekea mjini aliyapitia yote tena, kama alivyofanya kila siku tangu daraja la Kyabagenzi lianguke.

Katika Buhaya, mtu anayefika nyumbani kwa mkubwa wake hamwagi habari mbaya mlangoni. Huamkia, huulizwa hali za nyumbani, hujibu kwamba wote ni wazima. Huketi, hupewa kahawa ya kutafuna. Ndipo husema, kwa sauti ya chini, kwamba mdogo wake amezikwa jana. Hakuna anayemwona mwongo. Ameiheshimu nyumba aliyoingia, nayo nyumba imepata nafasi ya kujiandaa. Kaijage alikulia katika adabu hiyo, na bweni la misheni likaitia chokaa na kuinyoosha.

Aidha, alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, mwanafunzi aitwaye Aroni aliandika ripoti ya kalvati iliyoanza kwa maneno haya: Kalvati hili limejengwa vibaya. Ofisi ilimrudisha Aroni kwao kwa kosa la kiburi. Kwa hiyo mwezi wa Juni, Philbert alipokuja na rasimu yake kuhusu daraja la Kyabagenzi, barabara ya kwenda Muleba, Kaijage aliisoma sentensi ya kwanza na kushtuka. Sentensi hiyo ilisema: Boriti ya pili upande wa kusini imeoza na msumari wa kupimia umezama inchi tatu, lori lenye mzigo lisipite. Kaijage alichukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni: Anza kwa adabu. Mkubwa hapokelewi kwa habari mbaya. Panga upya.

Philbert alipanga upya. Ukurasa wa kwanza ulijaa salamu, shukrani, uimara wa kuta za mawe na usafi wa mitaro. Boriti ya pili ikahamia ukurasa wa pili, aya ya mwisho. Ripoti ikaenda ofisini, ambako Gamaliel, karani mkuu, alikuwa na desturi yake ya kazi: alifasiri ukurasa wa kwanza tu kwa Kiingereza, mistari minne, akaubandika muhtasari huo juu ya jalada. Bwana Tulloch, mkuu wa barabara, alikuwa na miezi miwili tu nchini na hakujua Kiswahili. Alisoma mistari minne, akatia sahihi kwamba daraja ni zima.

Siku kumi na nne baadaye lori lililobeba magunia ya kahawa, na watu juu ya magunia, liliingia mtoni. Walikufa wanne.

*

Philbert alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi, kwa sababu tarishi alimkataza kukaa kwenye benchi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mrefu, na shati lake la khaki lilikuwa limepigwa pasi mpaka kola ikang'aa. Alisimama na kuinama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza kama najua kuandika." Aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa daftari lililofungwa kwa gazeti. "Nimekuletea hili. Kila siku wanasema nilete rasimu zangu. Nimewaambia zimepotea."

Kaijage hakuhitaji kulifungua. Alijua lililokuwa ndani, na kwa wino gani.

"Kwa nini uliwaambia hivyo?"

"Kuna mwandiko wako, Mwalimu," alisema Philbert, kana kwamba hilo lilitosha. Alilisukuma daftari mkononi mwa mwalimu wake. "Lichome ukipenda. Mimi sitasema."

Tarishi aliita jina la Kaijage. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha madaraka yake, alimwacha akae kwenye benchi kwa saa nzima.

Gamaliel alimpokea akiwa amesimama, jambo lililokuwa heshima ya pekee kutoka kwake. Walisoma bweni moja, Gamaliel akiwa nyuma kwa madarasa mawili, na mpaka siku hiyo alimwita Kaijage kwa jina la ukaka.

"Keti, kaka. Chai ipo. Sukari ndiyo imekuwa ya kuhesabu kwa punje."

"Nimekunywa. Umeniitia nini?"

"Jambo dogo." Alimsogezea karatasi iliyopigwa taipu. "Tume ya uchunguzi inakuja Jumatatu. Bwana anataka jalada liwe safi. Soma tu, utie sahihi."

Kaijage alisoma. Karatasi ilisema kwamba yeye, mwalimu wa Kusoma na Kuandika, anathibitisha kuwa mwanafunzi Philbert Mutembei hakuwa amefikia kiwango cha kuandika ripoti inayoeleweka, na kwamba aliwahi kuonywa mara nyingi.

"Huyu ni mwandishi bora kuliko wote niliowafundisha."

"Najua."

"Basi hii ni nini?"

"Ni mlango, kaka. Tume itauliza, nani alijua? Tukisema kijana hakujua kuandika, hakuna aliyejua. Yeye atarudi kwao Muleba alime. Ana kibanja cha baba yake, hatakufa njaa. Wewe utabaki na darasa lako. Bwana amesema hata zile karatasi za stensili utapewa."

"Na wewe?"

Gamaliel alivuta droo, akaifunga tena bila kutoa kitu. "Mimi nina watu tisa nyumbani," alisema. "Ripoti ishirini huingia hapa kila wiki. Zote zinaanza kwa salamu, zote zinajaza ukurasa kwa shukrani. Nani aliwafundisha? Ningefasiri kurasa zote ningelala hapa. Mimi nilifasiri kichwa. Kichwa kilisema ni zima."

Hilo lilikuwa kweli, na Kaijage alilipokea kama mtu anavyopokea kiboko alichostahili. Alikuwa na daftari mapajani mwake. Ilitosha kuondoka nalo. Kijana angekaa kimya. Alikwisha sema kwamba angekaa kimya, na hakuwa mtu wa kugeuka. Adabu ile ile iliyoificha boriti ya pili ilikuwa tayari kumficha mwalimu.

"Nipe karatasi tupu," alisema.

Aliandika kwa dakika chache, bila salamu wala jina la mpokeaji. Sentensi ya kwanza ilisema: Philbert Mutembei aliandika kwa usahihi kwamba daraja la Kyabagenzi lifungwe, na mimi, mwalimu wake, nilimwamuru aipeleke habari hiyo nyuma. Sentensi ya pili ilisema kwamba habari hiyo ilifika katika ofisi hii, ukurasa wa pili, na haikusomwa. Ya tatu ilitaja daftari na kalamu nyekundu. Alitia sahihi, akaweka daftari juu.

Gamaliel alisoma akiwa amesimama. Aliporudia sentensi ya pili midomo yake ilisogea.

"Unajiangusha mwenyewe ili uniangushe na mimi."

"Nimeandika kilichotokea."

"Haya yote ni kiburi, Josia." Ukaka ulikuwa umekwisha. "Shuleni ulikuwa hivi hivi. Ukivunja sahani ulitaka bweni zima lije likuone ukiungama."

Mlango wa ndani ulifunguka na Bwana Tulloch akatoka, mwanamume mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliuliza kwa Kiingereza mwalimu anasema nini. Gamaliel alijibu kwa haraka kwamba mwalimu anatoa heshima zake, anakiri kuwa ndiye aliyekuwa na dhamana ya maandishi ya kijana, na anasikitika.

"Sivyo," alisema Kaijage, kwa Kiingereza alichofundishwa kwa fimbo. "Nimeandika kwamba ofisi hii ilipewa onyo. Nipo tayari kulifasiri neno kwa neno."

Bwana Tulloch alimtazama, kisha akampa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Kaijage hakulitazamia, na kwa dakika kadhaa mwalimu aliamini kwamba kweli ikipangwa vizuri hutosha.

"Ukurasa huo wa pili," aliuliza Bwana, "uliletwa ofisini kwa Kiingereza?"

"Uliletwa kwa Kiswahili, kama kanuni ya ripoti za wanafunzi inavyotaka."

"Lakini haukufasiriwa."

"Haukufasiriwa."

"Basi utaona shida yangu. Tume itauliza ofisi iliarifiwa lini. Ofisi huarifiwa inapopewa jambo kwa lugha inayoweza kuisoma. Kwa maana hiyo haikuarifiwa." Alisema hayo bila ukali. "Daftari lako linaonyesha kwamba kijana aliijua hatari na akaiweka mahali ambapo haitaonekana. Sidhani kwamba umemsaidia."

"Aliiweka mahali nilipomwelekeza. Na wa kwanza aliyeiweka mbele, Aroni, mlimfukuza."

"Hilo lilitokea kabla yangu." Bwana alisimama. "Kijana anafutwa kazi leo, na hataajiriwa tena katika kazi yoyote ya serikali. Vipindi vyako viwili vitakuwa vya zege kuanzia wiki ijayo. Fundi wa daraja anahitaji zege zaidi kuliko insha. Wewe mwenyewe nitakuandikia Idara ya Elimu, watakutafutia mahali."

"Tamko langu litasomwa na tume?"

"Litawekwa katika jalada."

Gamaliel alikuwa amekwisha lichukua daftari na karatasi. Aliviweka nyuma ya makaratasi mengine yote, chini kabisa, akafunga jalada kwa utepe. Juu yake paliendelea kuonekana mistari minne ya Kiingereza.

"Naomba stakabadhi ya daftari," alisema Kaijage.

"Ofisi haitoi stakabadhi ya madaftari ya shule," alijibu Gamaliel, na hakumtazama.

*

Kwenye ngazi alimweleza Philbert bila kuzunguka. Kijana alisikiliza akiwa amesimama wima. Alipoelewa kwamba daftari limekabidhiwa, alionekana kuumia kwa hilo kuliko kwa kufukuzwa.

"Ningenyamaza, Mwalimu. Ungebaki."

"Nani atamwambia baba yako?"

"Mimi."

"Utamwambiaje?"

Philbert alifikiri. "Nitamwamkia. Nitamwuliza hali ya shamba. Tukishakula, nitatafuta namna."

"Twende," alisema Kaijage. "Nitakwenda nawe."

Lori la abiria liliondoka Bukoba saa sita na nusu. Nauli ya Muleba ilikuwa imepanda tangu daraja lianguke, kwa kuwa sasa safari moja ilihitaji malori mawili. Walipita Kemondo, ziwa likionekana kushoto jeupe kama bati, na kabla ya saa nane wakafika Kyabagenzi. Utingo akagonga ubavu wa lori. "Shukeni. Kila mtu na mzigo wake. Mwenye kuku awashike miguu."

Kuta za mawe zilikuwa zimesimama pande zote mbili, imara kama ripoti ilivyosema. Katikati hapakuwa na kitu. Vipande vya mbao vilikuwa bado chini majini, na gunia moja lililopasuka lilikuwa limenasa kwenye matete, kahawa yake ikiwa imevimba na kuanza kuoza. Watu walivuka mmoja mmoja juu ya magogo mawili yaliyofungwa kwa kamba, kwenda kwenye lori la pili lililosubiri ng'ambo.

Kando ya njia palisimikwa ubao mpya mweupe. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza peke yake.

"Pameandikwa nini pale?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa na mkungu wa ndizi kichwani. Wenzake walimwita Ma Penina.

Philbert alikuwa karibu naye. "Pameandikwa kwamba daraja limefungwa."

"Limefungwa, au halipo?"

Watu walicheka. "Waungwana hawa," aliendelea Ma Penina, akipata nguvu kwa kicheko chao, "daraja likianguka ndipo wanalifunga. Mngefunga kabla Ephrasia hajapanda lori lile. Ameacha watoto watano. Wa mwisho hajaota meno."

"Wanasema alilikagua mwanafunzi," alisema mzee mmoja aliyekuwa akivua viatu ili avuke. "Mainjinia wadogo."

"Nilimwona kwa macho yangu," alisema Ma Penina. "Kijana mrefu. Alikuja na kamba ya kupimia, akalala kifudifudi hapa, akachungulia chini kama anayetafuta kambale. Tukampa ndizi za kuchoma, akala, akashukuru vizuri sana. Tukasema, huyu amelelewa. Kumbe alikwenda kuandika kwamba ni zima. Nikimwona leo, huu mkungu hautafika sokoni."

Philbert aliyatazama maji. Kofia yake ilikuwa imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Kaijage alifungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa, la kwanza likiwa la kwanza. Philbert alimgusa kiwiko, mara moja, kwa ncha za vidole. Palikuwa na watu zaidi ya ishirini kingoni, na mzee alikuwa ameshika kiatu mkononi. Kaijage alifumba kinywa.

"Pole kwa msiba, mama," alisema.

"Tumeshapoa," alijibu Ma Penina. "Vuka basi, baba, unazuia watu."

Alivuka. Magogo yalitikisika chini ya miguu yake, na upande wa kusini aliona tundu ambamo kichwa cha boriti ya pili kilikuwa kimekaa. Ndani yake palikuwa na unga wa kahawia, laini kama ugoro. Kijana wa miaka ishirini na miwili alilala hapa kifudifudi akauona, akaupima, akaenda kuuandika vizuri.

*

Nyumba ya Mutembei ilikuwa ndani ya kibanja, mwendo wa nusu saa kutoka barabara ya Muleba, kati ya migomba iliyopaliliwa na mibuni iliyoelemewa matunda. Juu ya mlango palibandikwa karatasi yenye mchoro wa daraja, kazi ya Philbert ya mwaka wa kwanza, ikiwa imeshikizwa kwa misumari minne ya viatu. Upande mmoja palikuwa na picha ya Bikira Maria, upande mwingine mchoro ule, na vyote viwili vilikuwa vimefutwa vumbi.

Ta Mutembei, baba yake Philbert, alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani. Alipowaona alijua yule mgeni ni nani bila kuambiwa, akaita ndani kwa sauti ya furaha. "Mama Philbert, Injinia amekuja na mwalimu wake." Kutoka nyuma ya nyumba Ma Kokushubila alijibu kwamba ndizi ziko kisuni, zinamenywa, wageni wapumzike. Mzee aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Hilo lilikuwa la kwanza, na lilikuwa haki ya kila mgeni.

Philbert alikwisha piga goti moja kumwamkia baba yake, tata kama alivyomwita. Kaijage alibaki amesimama uani, kofia mkononi. Miaka arobaini na miwili ya malezi ilimwambia aketi kwanza, apokee kahawa, aseme kwamba Bukoba ni salama.

"Ta Mutembei," alisema, "Philbert amefukuzwa kazi leo. Hakukosa. Kosa ni langu."

Mzee hakuinua uso. Aliendelea kuchagua kahawa kikapuni, mbili, kisha nne, zile nzima zisizopasuka. Kisha alinyoosha mkono na kukisogeza kikapu mbele ya mgeni.

"Karibu uketi, Mwalimu," alisema kwa upole. "Mmetoka mbali. Hali za Bukoba? Wote ni wazima?"

Hakuwa kiziwi. Alikuwa anamfungulia mlango tena, ili atoke aingie upya kama watu wanavyoingia, na lile lililosemwa nje lihesabiwe kuwa halijasemwa bado. Philbert, goti likiwa chini, aliutazama uso wa mwalimu wake, na midomo yake ilikuwa tayari kumsaidia kujibu. Ni wazima, tata. Wote ni wazima.

Kikapu kilikaa hewani. Mkono uliokishika ulikuwa na makovu ya kisu cha kupogolea.

"Si wazima," alisema Kaijage.

Nyuma ya nyumba kisu cha Ma Kokushubila kilinyamaza. Kaijage hakuketi, wala hakuigusa kahawa. Alianza kuwaeleza, na alianzia kwenye boriti ya pili, upande wa kusini.